Damu Inayobana Nyuzi

Katika nyumba ile siku ilianza kwa shukrani, kisha mashine. Mama Nyuzi aliinamisha kichwa, akamshukuru Mungu kwa pumzi na kwa kazi, halafu akaketi mbele ya mashine yake ya kufuma masweta. Alisukuma mkono wa mashine kulia. Shwaa. Akaurudisha kushoto. Shwaa. Sweta la mwanafunzi lilishuka polepole kuelekea sakafuni, mstari baada ya mstari, kama mvua isiyo na haraka.

Watu walimwita Mama Nyuzi kwa sababu hakukosa uzi mwilini. Ulikuwa kwenye nywele, kwenye mkono, na mara nyingine kwenye sahani.

"Leo nimekula uzi wa kijani," bintiye mdogo alimtania. "Kesho naomba mwekundu, huenda una ladha."

"Kula, unyamaze. Labda utakushona huo mdomo."

Binti huyo aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake. Dada yake aliitwa Kimya. Kimya alikuwa nyuma ya pazia, kitandani, na mtoto wake wa wiki chache alilala kifuani pake. Alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, kama walivyokubaliana na mumewe, mwokaji wa mikate wa mtaa wa pili.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja: mzazi hakanyagi chini. Mama Nyuzi mwenyewe ndiye aliyeiweka.

"Mimi nilizaa leo, kesho nikakaa kwenye mashine," alisema kila mara. "Nilifuma huku nalia. Nikaapa wanangu hawatapita njia hiyo."

Basi Kimya aliletewa kila kitu. Maji ya kunawa yalimfuata kitandani. Chai ilimfuata. Kitinda aliingia akipiga magoti kwa mzaha, kikombe juu ya kichwa.

"Malkia, mtumwa wako nimefika. Ukimaliza kunywa, niruhusu nikupumulie pia?"

Kimya alicheka kidogo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mchana, jua lilipita kati ya mabunda ya uzi yaliyopangwa dirishani, likaingia chumbani likiwa na rangi: bluu ukutani, njano kwenye shuka, nyekundu kwenye uso wa mtoto. Mashine iliimba chumba cha pili. Shwaa, shwaa. Kimya alisinzia, akaamka, akasinzia tena, hata asijue kama ni asubuhi au alasiri. Ilikuwa starehe kama ya mtu anayeelea juu ya maji.

Siku moja aliota amevaa soksi ndefu ya sufu. Soksi ilikuwa mguu wa kushoto tu. Kila alipoivuta ili aivue, ilizidi kujifuma, ikabana, ikapanda kutoka kifundoni hadi gotini.

Alipoamka, soksi haikuwepo, lakini kubana kulikuwepo.

"Mama," aliita. "Mguu wangu umevaa kitu."

Mama Nyuzi alikuja, akafunua shuka. "Umevaa nini? Mbona sioni?"

"Sijui. Kinabana."

Mama Nyuzi alitazama. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limevimba. Ngozi ilikuwa imejaa, inang'aa. Aliigusa, akaikuta ya moto. Mguu wa kulia ulikuwa kama kawaida.

"Uchovu wa kulala huu," alisema. "Kitinda! Pasha mafuta. Niuchue, utalainika."

Mama Nyuzi alipaka mafuta viganjani, akaweka mikono juu ya mguu wa mwanawe. Hapo ndipo sauti ilipobisha mlangoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Sista, pita!"

Sista alikuwa jirani yao. Alifanya kazi wodi ya wazazi, na kila akitoka zamu alipita kumtazama mtoto. Aliingia akitabasamu, mikono tayari kumpokea mtoto. Kisha akaona mguu. Tabasamu likaondoka.

"Mama Nyuzi, toa mikono."

"Kwani nimeiba?"

"Toa kwanza, dada yangu, tutacheka baadaye. Usiuchue huo mguu."

Mama Nyuzi aliinua mikono juu, mafuta yakimtiririka hadi viwikoni. Sista aliinama, akaitazama miguu yote miwili kwa pamoja, akaugusa ule uliovimba; Kimya akaguna.

"Mguu mmoja umevimba, mwingine haujavimba," alisema. "Una joto. Unauma. Na huyu amejifungua juzi tu. Hapo naogopa bonge la damu ndani ya mshipa. Ukilichua, linaweza kukatika, kipande kikasafiri na damu mpaka kwenye mapafu." Akamgeukia Kimya. "Mwanangu, unapumua vizuri?"

Kimya alifikiri. "Tangu asubuhi napumua nusu," alisema. "Nilidhani ni ndoto."

"Si ndoto. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Kitinda hakungoja kutumwa. Alikimbia peku hadi kwenye tanuri la shemeji yake. Mwokaji alikuja na gari la mikate, unga bado uko kwenye nyusi zake. Walimlaza Kimya nyuma, kati ya trei, shuka chini yake. Sista alishika mkono wake. Mama Nyuzi alimpakata mtoto mbele. Gari lilijaa harufu ya mikate ya moto, na Kimya alikumbuka baadaye kwamba aliwaza jambo moja tu: kumbe mtu anaweza kufa katika harufu nzuri namna hii.

Hospitalini walimwekea hewa ya oksijeni. Walipitisha mguuni kifaa kama kile cha kupimia mimba, na picha ikaonyesha mshipa ulioziba kuanzia shavu la mguu hadi pajani. Picha nyingine ilionyesha kwamba kipande kimeshafika kwenye pafu. Wakamchoma sindano ya dawa ya kuzuia bonge lisikue.

Kimya alizama usingizini. Akaona mto, lakini hauna maji. Ni uzi mwekundu unaotiririka, maelfu ya nyuzi, na katikati ya mto nyuzi zinajifunga, zinajifunga, mpaka mto unasimama. Ng'ambo kuna mtoto analia. Anaijua sauti hiyo. Anataka kumwambia, nakuja, nakuja, lakini mdomo wake umefumwa.

Nje, kwenye benchi, Mama Nyuzi alimpakata mtoto aliyekuwa akilia kweli.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mikono hii uliyonipa nifumie watoto wa watu, karibu imuue wangu. Mwache. Mtoto huyu hajamjua mama yake."

Mwokaji alikuwa amesimama, mikono imening'inia. Hakujua pa kuiweka.

"Mama," alisema mwishowe, "hata mimi nilifurahi alivyokuwa analala. Nikawaambia watu, mke wangu anatunzwa."

Akaketi kando yake. Walikaa bega kwa bega, na Sista akatafuta maziwa ya mtoto.

Kesho yake Kimya alifumbua macho, akauliza mtoto amekula nini. Mama Nyuzi alilia na kucheka kwa pamoja. Siku zilizofuata pumzi ilirudi kidogo kidogo, na mguu ukaanza kupungua. Daktari alisema hatari kubwa imepita, ila dawa itaendelea kwa miezi, na imechaguliwa dawa inayomfaa mama anayenyonyesha.

Kisha akauliza swali. "Katika ukoo wenu, kuna mtu amewahi kupata bonge la damu? Au kufa ghafla akiwa bado na nguvu zake?"

"Marehemu mume wangu," Mama Nyuzi alijibu. "Alisafiri safari ndefu, akarudi, akakaa kwenye kiti, akalala. Hakuamka. Na dada yake mmoja alifariki baada ya kujifungua. Kwao husema ni kifo cha upole."

Daktari aliandika yote mawili, akaagiza damu ya Kimya ipelekwe kwenye maabara kubwa.

Majibu yaliporudi, waliitwa kwa daktari wa damu. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mtoto. Kimya alikwenda kwa miguu yake, akimbeba mtoto. Mama Nyuzi alikwenda na sweta ambalo halijakwisha, maana hakuweza kukaa bure hata mbele ya daktari. Alikuwa analishonea shingo.

"Ndani ya damu kuna protini inaitwa fibrinojeni," daktari alianza. "Inatembea imeyeyuka, kama sukari ndani ya chai. Huioni. Ukijikata, inageuka kuwa nyuzi. Nyuzi zinajisuka wavu. Wavu unanasa chembe za damu na kuziba tundu. Hilo ndilo bonge. Bonge ni rafiki, Mama. Bila hilo tungeishiwa damu kwa mkwaruzo tu."

"Rafiki gani huyo aliyetaka kuniulia mwanangu?"

"Rafiki asiyejua kuaga. Mgeni mwema hufanya kilichomleta, akaondoka. Mwili una wafumuaji wake. Kidonda kikipona, wao huja kulifumua lile bonge, uzi kwa uzi." Akanyoosha mkono. "Hebu nione sweta lako. Umelifuma kwa kubana au kwa kulegeza?"

"Kwa kulegeza. Watoto hutoka jasho."

"Ukikosea, utalifumua?"

"Kufumba na kufumbua."

"Na kama uzi ungekuwa mwembamba, na umebana kweli kweli?"

Mama Nyuzi alisita. Kazi hiyo aliijua. "Hapo hata sindano haipiti. Utahangaika mpaka uchukue mkasi."

"Basi damu ya Kimya hufuma namna hiyo. Nyuzi zake ni nyembamba, nyingi, zimesongamana. Wafumuaji wanafika mlangoni, hawaoni pa kuingia. Bonge linakaa. Linakua."

Kimya alitazama mkono wake, mshipa mdogo wa kijani chini ya ngozi, kana kwamba angeweza kuona wafumuaji hao wamesimama humo, wamechoka.

"Kwa nini mimi?" aliuliza.

"Mama yako anaweza kukujibu," daktari alisema. "Mama, sindano moja ya mashine yako ikipinda, inakuwaje?"

"Kosa linatokea palepale kila mstari. Kutoka pindo mpaka shingo."

"Ndivyo ilivyo. Kila mtu ana maagizo ya kutengeneza protini hii. Seti moja hutoka kwa baba, nyingine kwa mama. Katika seti moja ya Kimya kuna badiliko dogo, kama sindano moja iliyopinda. Amezaliwa nalo. Halitoki kwa chakula, wala kwa kosa, wala kwa jicho la mtu. Mzazi akiwa nalo, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kulirithi, kama kurusha sarafu."

Kitinda, aliyekuwa ameegemea mlango, alisogea mbele. "Daktari, sisi nyumbani tukijikata damu haitusumbui. Tungejuaje?"

"Msingejua. Hata maabarani, damu ya dada yako ilichelewa kuanza kuganda. Mtu angedhani hatari yake ni kutokwa damu. Lakini ilipoganda, ilibana. Wako wenye mabadiliko mengine ya protini hii ambao hutokwa damu sana. Wengine hupata yote mawili. Wengine wanazeeka bila shida yoyote. Ndiyo maana hatukisii, tunapima. Tena ni jambo la nadra. Mabonge mengi ya miguuni yana sababu nyingine."

Mama Nyuzi aliweka sweta mapajani. "Kwa hiyo si kulala?"

"Kulala kumo. Mwanamke akijifungua, damu yake huwa tayari zaidi kuganda, ili asipoteze nyingi. Mungu amepanga vizuri. Lakini asiposogea, damu ya miguuni hutuama kama maji ya dimbwi. Na huyu nyuzi zake zinabana. Mambo matatu yalikutana."

"Na moja nililileta mimi."

"Ulilileta kwa upendo. Uzuri wake ni kwamba hilo moja unaweza kuliondoa leo. Mzazi apumzike, ndiyo. Asaidiwe kazi, ndiyo. Lakini ainuke, atembee chumbani, anywe maji. Na ukiona mguu mmoja umevimba, au kifua kinauma, au pumzi inakatika, usichue, usingoje kesho. Hospitali."

Akamweleza Kimya mengine. Anywe dawa bila kuruka. Akiona damu inatoka isivyo kawaida, au akianguka na kugonga kichwa, aende hospitali mara moja. Asinunue dawa za maumivu bila kuuliza, maana nyingine huzidisha kutokwa damu. Kabla ya upasuaji au mimba nyingine, awaambie wahudumu mapema. Na vidonge vya kupanga uzazi asichague mwenyewe, kwa kuwa baadhi huongeza hatari ya bonge.

"Hata mimi nisichague?" Kitinda aliuliza. Alikuwa anakaribia kuolewa.

"Wewe tukupime kwanza."

Walipimwa, Kitinda na mama yake. Kitinda alikutwa na badiliko lile. Mama Nyuzi hakuwa nalo.

"Yaani limetoka kwa yule mzee!" Mama Nyuzi alisema. "Nimemzika, bado ananitania." Alicheka, kisha akafuta macho. "Basi kwao wapo wengi wasiojua. Tutakwendaje kulala?"

Mtoto wa Kimya angepimwa akikua kidogo. Lakini ukoo wa baba haukuweza kungoja.

Jumapili mwokaji aliwapeleka kwa Shangazi. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa marehemu, fundi wa magodoro. Chumba chake cha kazi kilikuwa cheupe tupu. Pamba ililala sakafuni kama mawingu yaliyochoka, na vumbi lake jepesi lilielea hewani, likatua kwenye nywele za kila aliyeingia. Mjukuu wake, mwenye mimba kubwa, alikuwa amekaa chini akijaza pamba ndani ya kitambaa. Miguu yake ilikuwa imekunjwa, na kwa namna alivyokaa ilionekana hajainuka kwa muda mrefu.

Mama Nyuzi alieleza. Alieleza vizuri, mpaka sindano iliyopinda. Shangazi alisikiliza huku akishona pembe ya godoro, bila kuinua kichwa.

"Wifi, nimekusikia," alisema. "Lakini sisi ni watu wa kulala tukaenda. Baba yangu hivyo. Mdogo wangu hivyo. Hatugaragari, hatusumbui watu. Hiyo ni zawadi ya Mungu, kifo cha upole. Sasa mnataka kuniambia ni ugonjwa?"

"Wifi, mimi sisemi..."

"Unasema. Zawadi ya ukoo wangu unaipeleka maabara."

Kitinda alifungua mdomo, mwokaji akamkanyaga mguu. Pamba ilielea.

Ndipo Kimya alipoinuka, akamweka mtoto kwenye mapaja ya Shangazi, juu ya godoro.

"Shangazi," alisema, "upole huo nimeuona. Ulinikuta mimi."

Shangazi aliacha kushona.

"Mliokaa kando ya kitanda mliona mtu amelala. Mimi nilikuwa ndani. Nilimsikia huyu analia, nikataka kumjibu, nikashindwa. Nilijitahidi kuliko nilivyojitahidi kumzaa. Hakukuwa na upole hata kidogo, Shangazi. Sijui baba aliona nini kwenye kile kiti. Labda alituita. Hatukusikia, kwa sababu tulijua ni kawaida ya watu wake kulala."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

Shangazi alimtazama mtoto. Chembe ya pamba ilikuwa imetua kwenye kope zake, naye akapepesa macho. Shangazi aliiondoa kwa ncha ya kidole. Kisha akamtazama mjukuu wake pale sakafuni.

"Wewe," alisema kwa sauti nzito. "Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, Bibi. Wewe ndiye uliyesema nisitembeetembee, nitunze mimba."

"Basi nimetengua neno langu. Inuka. Vaa viatu." Akageuka. "Na nyinyi mmekaa mnanitazama nini? Hospitali ya Jumapili ina watu au haina?"

"Kliniki ya damu ni kesho, Shangazi," mwokaji alisema.

"Basi kesho. Lakini viatu avae leo, azunguke nyumba."

Mjukuu alikutwa na badiliko lile lile. Shangazi pia alikutwa nalo. Alikuwa amezaa, amezeeka, na hajawahi kuvimba mguu.

"Si kila aliye nalo hupata bonge," daktari wa damu alimwambia.

"Basi nimebebwa na rehema tupu," Shangazi alijibu. "Wengine tusiwaachie rehema kazi yote."

Wakunga waliambiwa mapema. Daktari alimpangia mjukuu sindano za kuzuia bonge baada ya kujifungua, na siku ilipofika alizaa salama, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Kesho yake asubuhi Kimya alikwenda kumtazama. Aliwakuta kwenye korido ya wodi. Mjukuu alikuwa anatembea polepole, mkono mmoja ukutani. Nyuma yake alikuja Shangazi, amembeba mtoto, akihema na kunung'unika.

"Tupumzike sasa. Mimi ni mzee."

"Tembea, Bibi," mjukuu alisema bila kugeuka. "Sista amesema hata wewe. Tunabana nyuzi sote wawili."